Korongo la Engare Sero kwa wasafiri wa Mwanza: tathmini ya huduma ya kupangiwa matembezi ya siku moja

Ofisi za safari zilizopo katikati ya jiji la Mwanza zinafahamika zaidi kwa kuuza Serengeti ya kukaa ndani ya gari, kisiwa cha Saanane kwa mwenye nusu siku, na Rubondo kwa mwenye fedha na subira. Matembezi ya miguu ndani ya korongo la milimani ni bidhaa adimu huku kwetu ziwani, na ndiyo sababu tangazo la ofisi moja ndogo, lililoahidi kuwapeleka watu wa Mwanza kutembea katika korongo la Engare Sero karibu na Ziwa Natron na kuwarudisha nyumbani ndani ya mapumziko ya sikukuu moja, lilituvuta mimi na wenzangu kadhaa wa kazini. Ofisi hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaandika ni lawama, na kwa kuwa maswali niliyoyatumia kuipima yanafaa kuulizwa ofisi yoyote inayouza safari ya namna hii. Hukumu yangu ni kwamba walipanga vizuri sana yote yanayohusu maji, wakapanga ovyo karibu yote yanayohusu barabara. Kwa safari ya korongo ni afadhali iwe hivyo kuliko kinyume chake.

Engare Sero ni kijiji cha Wamasai katika Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron. Kinatazamana na Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye kimo cha mita 2,962 juu ya usawa wa bahari, ambayo ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Mto unaobeba jina la kijiji hicho hushuka kutoka nyanda za juu, hukata ukuta wa Bonde la Ufa, na umechimba korongo jembamba lenye kuta ndefu za miamba ya volkano ambamo maji hutiririka hata wakati wa kiangazi. Matembezi yenyewe si marefu, kwani kwa mwendo wa kawaida ni kama saa moja kwenda hadi kwenye maporomoko ya maji na muda kama huo kurudi. Kinachoyafanya yawe magumu ni kwamba sehemu kubwa haina njia iliyochongwa, bali mto wenyewe ndio njia. Mtu huvuka ng'ambo hii na kurudi ng'ambo ile, mahali pengine maji yakiishia kwenye vifundo, pengine magotini, pengine kiunoni, na pale ambapo mto umejaa ukuta hadi ukuta hulazimika kuambaa kwenye kingo nyembamba za mwamba huku mikono ikitafuta pa kushika. Kwa hiyo mtu anayenunua huduma hii hanunui umbali, bali ananunua akili ya yule anayeamua lini waingie, wavae nini na wageuke saa ngapi.

Jambo la kwanza walilofanya vizuri ni kutukatalia tarehe. Sisi tulitaka mwisho wa Aprili ili tutumie sikukuu ya Muungano, na tulikuwa tayari kulipa siku hiyohiyo. Dada aliyetupokea ofisini alisikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza kwa upole kwamba Aprili ni katikati ya masika, kwamba wao hawaingizi mtu korongoni katika kipindi hicho hata akiongeza fedha, na kwamba tarehe ya karibu wanayoweza kuikubali ni Sabasaba. Biashara ndogo inayosukuma mteja mwenye fedha mkononi hadi miezi miwili na zaidi mbele si jambo la kila siku katika mji huu, na kwangu hiyo ilikuwa hoja ya kwanza ya kuwaamini.

Hoja ya pili ilikuwa namna walivyoeleza sababu yenyewe. Watu wengi wa kwetu huipima hatari ya mvua kwa kutazama juu. Anga likiwa jeupe, shughuli zinaendelea, na mvuvi wa Igombe au wa Kayenze huyaona mawingu yakija kutoka mbali juu ya ziwa kabla hayajamfikia. Ndani ya korongo kipimo hicho hakifanyi kazi. Maji yanayoweza kumwua mtu huwa yamenyesha kilomita nyingi juu yake, katika milima ambayo kuta za korongo zimemficha asiione, na huweza kumfikia huku jua likimwakia utosini. Kwa kuwa korongo ni jembamba, maji yaliyokuwa yametandaa katika eneo pana la milimani hubanwa katika upana wa hatua chache, hivyo kina hupanda kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo kwa mbio. Walitutajia mfano wa Hell's Gate karibu na Naivasha, nchini Kenya, ambako mwezi Septemba mwaka 2019 mafuriko ya ghafla ndani ya korongo yaliua watu saba waliokuwa matembezini. Mfano huo waliuchagua kwa akili, kwa sababu Septemba si mwezi wa masika. Walitaka tuelewe kwamba kuchagua mwezi mkavu kunapunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba hata siku ya Sabasaba uamuzi wa mwisho ungefanyika asubuhi, mdomoni mwa korongo, na usingefanywa na sisi.

Hilo waliliweka kwenye maandishi. Ratiba waliyotupa, karatasi mbili zilizochapwa bila madoido, ilikuwa na mstari mmoja ambao sijawahi kuuona kwenye ratiba nyingine yoyote ya utalii hapa Mwanza, yaani saa ya kugeuka. Iliandikwa kwamba ifikapo saa nne na nusu asubuhi kundi litageuka popote litakapokuwa, liwe limeyaona maporomoko au halijayaona, na kwamba anayelipa anakubali kuwa kutofika kwenye maporomoko si sababu ya kudai fedha. Mwenzetu mmoja, mtu wa mahesabu, aliupinga mstari huo kwa hoja kwamba maporomoko ndiyo yaliyotangazwa. Mimi niliona kwamba ofisi isiyoandika mstari kama huo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu inamwachia mwongozaji peke yake mzigo wa kubishana na kundi la watu waliolipa, wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Sasa niseme kuhusu barabara, ambako sifa zinaisha.

Kutoka Mwanza kwenda Natron kuna njia ya kupita ndani ya Serengeti, nayo kwenye ramani inavutia: Magu, Lamadi, lango la Ndabaka, ukanda wa magharibi hadi Seronera, kisha kaskazini kupitia Lobo hadi lango la Klein's, halafu Ololosokwan, Wasso, Loliondo na Sale, na mwisho mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa hadi Engare Sero. Ratiba iliandika kwamba tungeondoka Mwanza saa kumi na mbili asubuhi na kufika kambini saa kumi alasiri. Yeyote aliyewahi kuvuka hifadhi hiyo anajua kwamba mwendo unaoruhusiwa humo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Kutoka Ndabaka hadi Seronera pekee ni karibu kilomita 140, nazo ukizigawa kwa mwendo huo unapata karibu saa tatu ukiwa hujasimama kumtazama hata swala mmoja, na hakuna dereva anayeweza kuwazuia abiria wake wasitazame nyumbu. Ongeza kipande cha kwenda Klein's, ongeza muda wa malipo langoni, ongeza vumbi na mawe ya huko mbele, na utaona kwamba saa kumi alasiri iliandikwa na mtu aliyetumia rula juu ya ramani. Tulifika usiku, tukiwa tumeshuka mteremko ule wa mwisho gizani, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Barabara ya kona kali ukutani mwa Bonde la Ufa si mahali pa kupitisha watu saa mbili usiku kwa sababu tu karatasi ilikosa hesabu ya kugawanya.

Dereva hana lawama hata kidogo. Alijua mambo, na ndiye aliyetuambia kwamba ukanda wa magharibi una udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hushika magurudumu kama ugali wa udaga unavyoshika vidole, na kwamba katika miezi ya mvua yeye hupendelea kupitia Bunda na kuingilia lango la Ikoma. Maarifa hayo yalikuwa ndani ya gari wakati ofisi iliyopanga safari haikuwa nayo. Pendekezo langu kwao, ambalo niliwaambia ana kwa ana baada ya kurudi, ni kwamba usiku wa kwanza ulalwe Wasso au Loliondo, ambako nyumba za kulala wageni zipo, na mteremko wa kwenda Natron ufanyike kesho yake mchana. Walidai kuwa wateja hawataki kuongeza usiku mmoja kwa sababu ya gharama. Huenda ni kweli, lakini mteja hajaulizwa. Ameoneshwa ratiba isiyowezekana na kuambiwa kwamba inawezekana.

Kuhusu viatu nitakaa kidogo, kwa kuwa huko ndiko nilikoona tofauti kubwa zaidi kati ya walioteseka na waliofurahi. Ofisi ilitoa ushauri sahihi, kwamba tusivae kandambili, tusivae buti za ngozi kwa sababu zikinywa maji huwa mzigo, na tusifikirie kwenda pekupeku. Kilichotakiwa ni raba nyepesi yenye soli laini, inayokubali kulowa na kumwaga maji, na iliyofungwa kwa kamba. Kasoro ni kwamba baada ya kutoa ushauri huo, wao wenyewe walikuwa wakikodisha raba ambazo soli zake zilikuwa zimekomaa na kuwa ngumu kama zilizokaa dirishani miaka mingi, na wenzangu wawili waliozikodi waliteleza kwenye kila jiwe lililokuwa na utelezi wa kijani. Mimi yangu nilinunua mtumbani, Mlango Mmoja, kwa muuzaji aliyenifundisha namna ya kuchagua. Aliikamata raba, akaibonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba, akangoja kuona kama alama inajaa na kupotea, kisha akaikunja kati ili nione kama gundi inaachia pembeni. Ukucha usipoingia, alisema, hiyo ni ya kwendea harusini. Raba ile ilishika mwamba vizuri, na ilikauka jioni ileile kwa joto la Natron. Mwongozaji wetu alivaa katambuga za tairi na hakuteleza, lakini yeye amezaliwa pale na sidhani kama ushahidi wake unamhusu mtu wa Nyakato.

Walitushauri pia tufanye mazoezi katika kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa na hufikiwa kwa boti kwa dakika chache kutoka upande wa Capri Point. Ushauri huo una uzito nusu. Majabali ya Saanane ni mazuri kwa magoti na kwa pumzi, na mtu anayepanda hadi juu huku pimbi wakimtazama hupata kujua kama nyonga zake zingali na nia njema. Lakini granati kavu humfundisha mtu kuuamini mguu wake, ilhali mwamba uliolowa humtaka aukague kwanza. Aliyejisikia hodari Saanane ndiye aliyeanguka mapema zaidi korongoni. Mazoezi yanayofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuvuka kijito chochote chenye mawe ukiwa umevaa viatu vilevile utakavyokwenda navyo, ukishikilia fimbo, hata kama watoto wa jirani watakucheka.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo kila mtu wa ziwani huuliza, nalo ni kichocho. Tumelelewa kandokando ya maji tunayoambiwa tusiyaoge, na mwenzetu mmoja alitaka kuacha safari kwa sababu hiyo tu. Jibu la ofisi lilikuwa la busara, kwamba konokono wanaobeba ugonjwa huo hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole penye magugu, hivyo maji yanayokimbia juu ya mwamba si makazi yao mazuri. Hawakutuambia kwamba hatari haipo kabisa, na walitushauri tusiyanywe yale maji na atakayekuwa na wasiwasi akapime baadaye. Ningewapa alama kamili hapo kwa kutoahidi wasichoweza kukithibitisha.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu hakistahili zaidi. Chipsi na kuku vilivyofungwa kwenye maboksi alfajiri Mwanza haviwezi kuliwa kwa raha saa nane mchana ndani ya Serengeti, na si salama. Kilichotuokoa ni mfuko wa michembe na matobolwa ambao mmoja wetu alipewa na mama yake huko Misungwi, pamoja na karanga za kukaanga. Viazi vitamu hivyo vilivyokaushwa haviharibiki kwa joto, ni vyepesi mgongoni, na matobolwa hutafunwa hivyohivyo bila kupikwa. Ofisi iliyopo katikati ya Usukumani haina sababu ya kubeba chipsi.

Asubuhi ya matembezi ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii badala ya kulalamika tu kuhusu barabara. Tulifika mdomoni mwa korongo mapema, jua likiwa halijapanda ukuta. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalibeba majani, na juu kabisa, upande wa nyanda za juu, kulikuwa na ukungu mzito. Mwongozaji, kijana wa kijiji kile, hakusema lolote kwanza. Aliokota kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale hasa maji yalipoishia, akakirundikia vijiwe kisiyumbe, kisha akachuchumaa kando yake. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja mwalimu, mkubwa kwetu sote, ambaye hakupendezwa.

“Tumesafiri usiku na mchana, mwanangu, halafu tukae tutazame kijiti?”

“Shikamoo, mama. Tusubiri kidogo. Maji haya yametoka mahali usiku.”

“Marahaba. Mpaka saa ngapi?”

“Kijiti kikibaki nchi kavu, tunaingia. Kikizama, tunarudi kambini tunakunywa chai.”

Tulikaa. Hakuna aliyekuwa na la kubisha, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa linaonekana kwa macho. Baada ya muda ukingo wa maji ulirudi nyuma, ukaacha utepe wa mchanga mweusi uliolowa kati yake na kijiti, upana wa vidole vinne hivi, na rangi ya maji ikaanza kusafika. Hapo ndipo alipoinuka. Njiani alirudia mchezo uleule mara kadhaa, safari hii bila kijiti, akitazama mstari wa unyevu kwenye mwamba mahali alipoufahamu, na kila tulipofika penye ukingo mpana alitutajia kwamba hapa ndipo pa kupandia ikitokea. Nilimuuliza kama ofisi ya Mwanza ndiyo iliyomwelekeza hivyo. Alicheka, akasema ofisi humwelekeza jambo moja tu, kwamba akisema hapana, fedha yake ya siku iko palepale.

Naomba msomaji alizingatie hilo la mwisho. Waongozaji wengi hulipwa wakiingia na hawalipwi wasipoingia, na kwa mpango huo hata mtu mwaminifu hushawishika kuyaona maji ya kahawia kuwa meupe. Ofisi hii ilikuwa imeondoa kishawishi hicho kwa kumlipa kwa siku yake na si kwa kuingia. Hilo haliko kwenye tangazo lao, na ndilo ninaloliona kuwa na thamani kubwa kuliko hema, gari na chai yao vikijumlishwa pamoja. Anayeomba bei kwa ofisi nyingine aulize swali hili kwanza: siku mwongozaji akikataa kuingia, analipwa?

Korongo lenyewe halikutuangusha. Kuta zinakaribiana kiasi kwamba kuna mahali jua huonekana kama utepe tu juu, na hewa humo ni baridi wakati nje kunachoma. Mimea ya jamii ya mitende imejishikiza kwenye nyufa ambazo hazionekani kuwa na udongo. Sauti ya maporomoko husikika kabla hayajaonekana, na mwalimu wetu, aliyekuwa akilalamika kuhusu kijiti, ndiye aliyekaa chini yake muda mrefu kuliko wote, nguo zote mwilini, hadi saa ya kugeuka ilipotimia na mwongozaji akamwita. Tuligeuka kwa saa iliyoandikwa. Simu zetu zilikuwa ndani ya makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha, mtindo tulioutoa kwa wavuvi wa nyumbani, na zote zilirudi kavu, wakati mfuko wa bei kubwa uliouzwa na ofisi uliingiza maji kwenye mshono.

Mtu wa Mwanza ajitayarishe kwa joto, kwa sababu hesabu yake ni kinyume cha anavyodhani. Jina la matembezi ya milimani humfanya afungashe sweta. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Natron liko karibu mita 600 tu, hivyo safari hii, pamoja na milima yake yote, humshusha mtu karibu mita mia tano chini ya nyumbani kwake, hadi kwenye bonde ambalo joto lake mchana huweza kufika nyuzi 40. Ndiyo maana kuanza alfajiri na kutoka kabla ya adhuhuri ni sehemu ya usalama pia, na ratiba yao ilikuwa sahihi hapo.

Ratiba hiyohiyo iliharibika tena alasiri. Walikuwa wamesukumiza ndani ya saa chache nyayo za kale, ufuko wa Natron na heroe (flamingo), yote kwa siku moja na watu waliokwisha kuchoka. Nyayo hizo zinastahili muda wake. Ni zaidi ya mia nne, zimeachwa na watu kwenye matope ya majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa jiwe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulizikadiria kuwa za kati ya miaka 19,000 na 5,000 iliyopita. Sisi tulipewa muda wa kupiga picha na kukimbizwa. Ziwa nalo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na maji yake ya magadi hayamfai samaki tuliyemzoea, ingawa pembezoni, penye chemchemi za moto, huishi visamaki vidogo vya jamii ya perege ambavyo vimezoea magadi hayo. Kundi la watu wa ziwani lilisimama kuvitazama visamaki hivyo kwa hamu kuliko lilivyowatazama heroe, na dereva alipopiga honi hakuna aliyegeuka. Ningependekeza kimoja kati ya vitu hivyo kiondolewe, au viwekwe asubuhi ya kesho yake.

Upande wa malipo, nusu ililipwa wakati wa kujiandikisha na nusu kabla ya kuondoka, na risiti zilitolewa bila kuombwa. Ada ya Serengeti hailipwi kwa fedha taslimu langoni, hivyo ni lazima ofisi iwe imeandaa malipo hayo mapema, nao waliandaa. Ada za kijiji na za vizuizi vya barabarani kuelekea Natron zilikuwa ndani ya bei, na kila risiti ilihifadhiwa na dereva kwenye bahasha, jambo lililotupitisha kila kizuizi bila maneno. Kisichokuwa ndani ya bei, na ambacho kiliandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi ya pili, ni maji ya kunywa ya siku ya pili na ya tatu. Kumuuzia mtu safari ya nyuzi 40 bila maji na kuyauza maji hayo kambini kwa bei ya kambini ni ujanja usio na heshima, na waliotoka nyumbani na madumu yao ndio waliocheka.

Huduma hii inamfaa mtu mzima mwenye magoti mazima, asiyeogopa maji ya kiunoni, na anayeweza kukaa garini siku nzima bila kugombana na wenzake. Watoto wadogo nisingewapeleka, si kwa sababu ya korongo pekee bali kwa sababu ya ule mwendo wa kutoka Ndabaka hadi mteremkoni. Anayejiandikisha kwa kipindi cha kati ya Juni na Septemba aombe mambo matatu yaandikwe kwenye ratiba yake kabla ya kutoa nusu ya fedha: usiku wa kwanza kulala Wasso au Loliondo, maji ya kunywa ya siku zote kuwa ndani ya bei, na nyayo kutembelewa siku tofauti na korongo. La kwanza walinijibu kwamba linawezekana kwa kundi la watu wanne na kuendelea. La pili walilikubali papo hapo, bila shaka kwa sababu walikuwa wamekwisha kulisikia kutoka kwa mwalimu.